Eti "nimepata shida kuiamini baridi". BARIDI!! Huyu mama wakala wa London amewahi kufika Makete mwezi wa saba kweli?

Mtoto wa Bulongwa (mtoa mada):

Wakuu naandika huku vidole vimekufa ganzi, na ganzi yenyewe ndiyo kesi yenyewe mtaona hapo chini. Sijasalimia mtanisamehe, salamu nitazirudisha nikipoa.

Ni wale wakala wa waandishi wa kule London, wanaokutafutia mchapishaji. Mnawajua. Sitaji jina, nusu yenu humu mmeshawapelekea miswada na nusu iliyobaki mnajidanganya mtapeleka mkimaliza kuandika. Wale wenye masharti marefu kuliko foleni ya malori Tunduma.

Riwaya nimeiandika miaka minne. Kwa Kiingereza ndiyo, msianze. Inahusu familia ya wakulima wa viazi na pareto huko kwetu Makete, na sura ya kwanza inafunguka alfajiri, sakitu, ule umande ulioganda, imelala shamba zima, viazi vimeungua vyeusi tii, baba anatoka nje na kila akikanyaga majani yanavunjika kach kach kama chupa. Hiyo sura nimeirudia mara kumi na saba. Mke wangu ameikariri, mtoto wa darasa la pili ameikariri, juzi nimemsikia dada wa kazi anamsimulia muuza mboga getini.

Nikafuata masharti YOTE. Barua ukurasa mmoja, muhtasari unaotoboa mpaka mwisho nani anakufa, sura tatu za mwanzo, herufi saizi 12, mistari iachane mara mbili, na uchague wakala mmoja tu pale ofisini kwao kwa sababu akikukataa mmoja wamekukataa wote, kama ukoo unapokataa posa. Sawa. Nikachagua huyu mama kwa sababu kwenye maelezo yake kaandika anatafuta "sauti kutoka sehemu zisizosikika". Nikasema hapo hapo, sisi tusiosikika si ndio sisi, huku hata mtandao ukikamata unapiga picha ya ukumbusho.

Wakasema subiri wiki 12. Zikapita. Ya 13, ya 15, ya 19. Umeme ukikatika nawaza jibu limekuja sasa hivi laptopu imezima, nakimbilia simu, bando limeisha, nakimbilia kwa Mangi.

Leo saa tatu usiku nipo hapa Uyole, blanketi mbili, soksi tatu (mguu wa kushoto moja, wa kulia mbili, nyingine ilipotea), jiko la mkaa liko pale mlangoni, simu inalia ting. Ni wao. Mistari minne.

Wa kwanza, asante kwa kututumia kazi yako. Wa pili, sauti yako ina nguvu. Hapo moyo umeshapanda basi la kwenda Heathrow. Wa tatu, jamani wa tatu, "lakini nilipata shida kuiamini baridi".

KUIAMINI. BARIDI.

Mimi nasoma neno baridi na mdomo wangu unatoa moshi kama Scania inapanda Kitonga!! Nilitaka kumpigia simu nimpulizie.

Wa nne ndiyo kamalizia, kwamba wasomaji wake wanategemea "joto zaidi" kwenye hadithi za upande wetu, na je nimewahi kufikiria kuihamishia pwani. PWANI wakuu. Pareto pwani. Sakitu Kigamboni. Baba mtu anaamka alfajiri Bagamoyo anakuta minazi imeganda.

Angesema Kiingereza changu kimepinda ningekaa kimya, kimepinda kweli. Angesema mhusika mkuu anaongea sana, ni kweli, nimemchukua kwa mjomba. Angesema mapenzi ya sura ya tisa ni ya kulazimisha, hata mke wangu kasema. Lakini baridi? Baridi ndiyo kitu pekee kwenye kile kitabu ambacho SIKUKITUNGA!

Makete mwezi wa saba kuku wanatembea kwa kunyata. Kitulo maziwa hayahitaji friji yanahitaji moto. Mimi nimesoma shule ya msingi mwalimu anaandika ubaoni na glavu, mtoto akiulizwa swali anasubiri kwanza mdomo uyeyuke. Halafu mtu kakaa kwenye nyumba ya mabomba ya kupasha joto anasema hajaiamini.

Na kwa yale masharti yao sasa ofisi nzima haiiamini baridi, siwezi kwenda hata kwa yule wa mlango wa pili.

Nimeshaandika majibu sita, la mwisho lina picha ya ndoo yangu ya maji ya asubuhi ina kifuniko cha barafu. Nishikeni nisitume.

Lumbesa la Isyesye:
"Kuiamini baridi" hahahahaaa nimecheka ndani ya daladala mpaka konda kaniuliza nashuka wapi, sijui hata nashuka wapi.

Dada wa Forest Mpya:
Pole kaka. Mimi hao hao niliwapelekea nikiwa na mimba ya miezi miwili, jibu limenikuta nanyonyesha. Na wamenianza kwa jina la mtu mwingine kabisa, huyo Mpendwa sijui nani sijamjua mpaka leo. Natamani kujua yeye walimwambia nini, labda amepokea langu na lilikuwa zuri.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:
Ugonile kijana. Pole sana. Kabla hatujamlaumu mtu naomba kuuliza, ile barua uliianzaje? Maana nakumbuka ulileta hapa rasimu mwezi wa pili tukakushauri uondoe maneno "kitabu hiki kitauzwa kuliko vyote duniani".

Mtoto wa Bulongwa:
Shikamoo Mwalimu. Nilipunguza. Niliandika "kuliko vingi".

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:
Marahaba. Na maneno ni mangapi?

Mtoto wa Bulongwa:
Ya barua?

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:
Ya kitabu, mwanangu.

Mtoto wa Bulongwa:
Laki moja na themanini elfu na kidogo. Lakini hiyo siyo hoja, hoja ni BARIDI.

Lumbesa la Isyesye:
Laki na themanini!! Kaka hicho siyo kitabu, hicho kimefungwa lumbesa. Hata watu wa vipimo wangekukamata.

Mama Sinopsisi:
Riwaya ya kwanza ya mtu wanapenda ianzie maneno elfu themanini isizidi sana laki. Ukizidisha hapo wanaona gharama ya karatasi tu. Halafu kwa faida ya wengine, Wamarekani wengi usiwaatachie kitu, bandika kurasa za mwanzo ndani ya barua pepe yenyewe, kiambatisho kutoka kwa mtu wasiyemjua hawafungui wanafuta. Waingereza ndio wengi wanaotaka faili la sura tatu. Na wakiandika "kimya maana yake hapana" basi usifuatilie, mimi nilifuatilia mara nne nikajiona kama namdai mtu hela ya kikoba.

Kaka wa Mafinga:
Mtoa mada sema ukweli wote. Wewe si ndiye ulituonyesha skrinishoti ya imeili umewaweka wakala watatu wa ofisi hiyo hiyo kwenye mstari mmoja, kila mmoja anamuona mwenzake?

Mtoto wa Bulongwa:
Wawili. Na ilikuwa kidole.

Kaka wa Mafinga:
Na ukaanza na "Mpendwa Bwana" wakati wote wawili ni akina mama.

Mtoto wa Bulongwa:
Sasa hayo yanahusianaje na HALI YA HEWA?

Dada wa Forest Mpya:
Mwambie na kuhusu pasipoti.

Kaka wa Mafinga:
Eeh na aliatachi picha mbili za pasipoti saizi na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kata. Yenye mhuri.

Mtoto wa Bulongwa:
Jamani ile barua ya mtendaji inasema kabisa mimi ni mkazi wa eneo la baridi!! Imegongwa mhuri! Wao wanataka ushahidi gani tena, waje na kipimajoto?

Lumbesa la Isyesye:
Nimeshuka kituo siyo changu kwa ajili ya huu uzi.

Nyuki wa Nzovwe:
Nyie mna bahati mnakataliwa bure. Mimi kuna jamaa mmoja wa mjini, naye hamuwezi kumkosa mnamjua, anajiita wakala, alinitoza laki mbili "ada ya kusoma". Ni mwaka wa tatu bado anasoma. Nadhani anasoma herufi moja kwa wiki.

Mama Sinopsisi:
Ulipigwa dada. Wakala wa kweli haombi hela ya kusoma. Anakula kitabu kikishauzwa, asilimia 15 nyumbani, 20 kikiuzwa nchi za nje. Ukiona mtu anataka hela mbele huyo kitabu chake ni wewe.

Nyuki wa Nzovwe:
Ni kaka. Nyuki dume.

Mama Sinopsisi:
Samahani kaka.

Mchana wa Makambako:
Afadhali nyie mmesomwa hata kwa herufi moja. Mimi niliprinti mswada kurasa 400, nikaufunga vizuri na kamba ya katani, nikautuma kwa basi kwenda kwa mchapishaji Dar. Basi liliharibika, mizigo ikahamishwa, mswada ukapanda gari la parachichi. Nimepigiwa simu na mtu bandarini ananiuliza kama hizi karatasi ni za kufungia.

Dada wa Forest Mpya:
Ukajibu nini?

Mchana wa Makambako:
Nilimwambia asome kwanza. Akasema ameshafungia.

Kijana wa Kihesa:
Kamwene wote. Mimi swali langu ni moja, kwa nini mnajitesa na London? Andikeni Kiswahili mpeleke Tuzo ya Mwalimu Nyerere pale Taasisi ya Elimu, wameanza kuzitoa 2023, mshindi anapewa milioni 10 na hakuna anayekuuliza baridi.

Mtoto wa Bulongwa:
Nitapeleka hata huko. Lakini kwanza nataka huyu mama aiamini.

Kijana wa Kihesa:
Gurnah si kaandika kwa Kiingereza na Nobel ya fasihi kachukua 2021? Wanaamini wakitaka.

Mtoto wa Bulongwa:
Gurnah ni mtu wa ZANZIBAR. Bahari, mnazi, jasho, wamemuamini palepale. Angekuwa wa Bulongwa tungeona.

Mwalimu Mstaafu, Tukuyu:
Hapo umeniweza kijana. Ingawa laki na themanini bado ni nyingi.

Koti Refu wa Njombe:
Niwe mkweli, mimi mwenyewe nimepata shida kuiamini. Makete siyo baridi ya kumwandikia Mzungu. Njooni Njombe mjini saa kumi na moja alfajiri hapo stendi muone watu wanaongea kwa ishara.

Mtoto wa Bulongwa:
Weweee!! Njombe mnavaa makoti kwa sifa! Kitulo iko juu huko mita elfu mbili na mia sita, nyie mko chini mnapigwa na upepo tu mnaita baridi!

Mdudu wa Chai:
Mufindi mmetusahau. Ukungu wa kule kwenye mashamba ya chai unaweza kupotea na wewe mwenyewe uko sebuleni.

Kijana wa Kihesa:
Na Iringa je?

Koti Refu wa Njombe:
Iringa mnaingiaje kwenye mazungumzo ya watu wazima? Pale Ipogolo watu wanauza maji ya baridi mchana kutwa.

Kijana wa Kihesa:
Ipogolo ni bondeni! Panda Gangilonga usiku halafu uje useme!

Lumbesa la Isyesye:
Mbeya mwezi huu nimeoga mara tatu na mbili zilikuwa bahati mbaya ya mvua.

Dada wa Forest Mpya:
Mvua mwezi wa saba?

Lumbesa la Isyesye:
Bomba lilipasuka. Usinibane.

Mtoto wa Bulongwa:
Wakuu turudi kwenye mada. Nitume ile picha ya ndoo au nisitume?

Koti Refu wa Njombe:
Ndoo ya saizi gani? Maana ndoo ndogo inaganda hata Songwe.

Bale Jipya Mwanjelwa:
Samahani kuingilia, ila kwa kuwa mada ni baridi, leo nimefungua bale la masweta na makoti, mtumba wa daraja la kwanza kabisa, mengine yana lebo bado. Nipo Mwanjelwa upande wa ndani.

Mtoto wa Bulongwa:
Una koti la kufika magotini?

Bale Jipya Mwanjelwa:
Lipo moja la sufu, jeusi. Elfu thelathini na tano.

Mtoto wa Bulongwa:
Elfu ishirini.

Bale Jipya Mwanjelwa:
Hilo limetoka Uingereza kaka.

Mtoto wa Bulongwa:
Basi elfu kumi na tano.

Koti Refu wa Njombe:
Asipolichukua niwekee mimi elfu thelathini.

Mtoto wa Bulongwa:
Mtu wa Njombe usiingie! Nalichukua thelathini na moja, kesho saa mbili nipo hapo.

Mgeni wa Leo:
Habari wakuu, mimi ni mpya na nimeanzia kusoma hapa mwishoni. Hao wakala wa makoti kutoka London mwanachama mpya anajiungaje, na fomu ni bei gani?