Mafundi wa Nairobi, kushusha pikipiki si kuchoma springi!

Wadau, uzi huu ni wa hasira, na mafundi mlio humu msome pia.

Mtu mfupi ananunua Suzuki V-Strom 650, pikipiki ndefu ya safari. Kiti kiko milimita 835 kutoka chini, kwa hivyo ni ncha za vidole tu zinazogusa lami. Anaipeleka gereji. Jioni anarudishiwa pikipiki ambayo miguu inafika, ndiyo, lakini haikai kwa stendi, kona inaikataa, na kila tuta inaparua tumbo. Akiuliza, anaambiwa "utazoea". Azoee nini?

Kwanza springi. Kuna wanaoikata kwa grainda, na kuna wanaoichoma kwa gesi ili ilale. Ukikata mizunguko, inayobaki ni ngumu zaidi, wala haiwi laini, na ule mwisho uliokatwa haukai sawa kwenye kikalio chake. Ukiichoma, chuma kinapoteza nguvu na kinaendelea kulala kidogo kidogo mpaka shoki inagonga mpira wake wa mwisho kila shimo. Tena shoki nyingi za pikipiki hizi zina naitrojeni yenye shinikizo ndani, na nyinyi mnaielekezea moto!

Nyuma hushushwa kwa linki ndefu zaidi, yaani zile bamba mbili za chuma zinazounganisha shoki na mkono wa nyuma unaobeba gurudumu. Tofauti ya milimita chache kwenye linki inakuwa kama 25 kwenye gurudumu, na hapo ndipo linki za vyuma chakavu zinapoua. Bamba mbili zinatobolewa moja baada ya nyingine kwa kukadiria macho, moja inazidi nyingine kwa milimita moja, mzigo unavuta upande mmoja na beringi za sindano zinakufa. Nguvu inayopita hapo ni mara kadhaa ya uzito ulio kwenye gurudumu. Basi zibaneni pamoja mzitoboe kwa mara moja, au muuze zilizotengenezwa kiwandani. Pakeni grisi mkishafungua, na nati za kujifunga ziwe mpya.

Halafu mbele mnaiacha vilevile! Nyuma ikishuka peke yake, foku, ile mirija miwili inayoshika gurudumu la mbele, inalala, usukani unakuwa mzito, na taa inaangaza mawinguni na machoni pa kila anayekuja Thika Road. Kwa 25 za nyuma, mirija ya foku ipandishwe kwenye vibano vyake kama 15 hadi 20. Inueni pikipiki kwa jeki chini ya injini, si chini ya egzosi. Legezeni vibano vya juu na chini, pandisheni mirija yote miwili, mpime kwa rula pande zote. Kazeni kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Mkikaza kwa nguvu za mkono mtavunja kibano au mtaubana mrija. Kisha pimeni nafasi kati ya matigadi na radieta na mlinganishe na mwendo wote wa foku. Ikiwa haitoshi, punguzeni.

Cheni nayo hamwigusi. Mkono wa nyuma umebadilisha pembe, kwa hivyo ulegevu upimwe pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono na ekseli ziko mstari mmoja, maana hapo ndipo cheni hukaza zaidi.

Na stendi! Pikipiki imeshuka, stendi ni ya urefu uleule, basi imesimama wima kama askari wa gwaride. Upepo kidogo wa Magadi, imelala upande wa kulia na sanduku lake. Stendi ikatwe karibu kiasi kilekile kilichoshuka, iwekwe kipande cha chuma ndani ya bomba kabla ya kuchomelea, na mguu urudi kwa pembe yake. Iondoeni kwenye pikipiki kwanza. Mkichomelea ikiwa imefungwa, umeme unaweza kula kompyuta ya injini. Stendi ya kati pia ifupishwe, la sivyo mwenyewe atahitaji vijana wawili kuipandisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi hata hawakuhitaji linki. Sponji ya kiti ipunguzwe, hasa ule upana wa mbele unaotanua mapaja, na mguu unafika bila kugusa shoki. Mkazo wa awali wa springi (preload) ukipunguzwa, kiti kinashuka tena bure, ila urudishwe ukibeba abiria na masanduku.

Mwenye BMW R 1200 GS akiuziwa linki, ajue anadanganywa: shoki ya nyuma imefungwa moja kwa moja, hakuna linki ya kubadilisha. Mbele nako mzigo umebebwa na shoki ya katikati, kwa hivyo kupandisha mirija hakusaidii. Hiyo inataka shoki fupi mbele na nyuma.

Risiti ziandikwe milimita: nyuma ngapi, mbele ngapi, stendi ngapi. Anayejua fundi mwenye spana ya kupimia mkazo, na anayeitumia, aandike eneo hapa chini. Kirinyaga Road, Industrial Area, popote.