Tupeane uzoefu: bia iliyokufumbua macho, na ile iliyokuumbua

PovuVidoleVitatu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Tumeshabishana vya kutosha kuhusu bia ipi kali na ipi ya kina dada. Leo tuweke ubishi pembeni, kila mtu alete kisa chake. Ni bia gani ya krafti (ile ya viwanda vidogo) iliyokufanya uanze kunusa glasi kabla ya kunywa? Na ipi ilikuumbua mbele za watu? Wanaopika nyumbani leteni na ndoo mlizomwaga. Wale wa "bia ni bia tu" nao karibuni, nilikuwa mwenzenu.

Naanza. Jamaa mmoja alinikaribisha kwake akanimiminia bia ya ngano ya Kijerumani, ina ukungu, povu limesimama vidole vitatu. Nainua glasi: ndizi. Ndizi mbivu kabisa, ile ya madoa meusi, na nyuma yake karafuu. Nikamwambia, umetia ndizi. Akakataa. Nikamwambia basi umetia karafuu. Akanisogezea chupa nisome mwenyewe: maji, kimea cha ngano, kimea cha shayiri, hopsi (yale maua yanayotiwa kwenye bia), hamira. Basi. Niliigeuzageuza ile chupa kama mtu anayekagua hati ya kiwanja.

Kumbe ndizi inatoka kwa hamira. Ikila sukari ya kimea inatoa esta, kemikali zenye harufu ya matunda, na mojawapo ndiyo hiyo inayoipa ndizi harufu yake. Karafuu nayo ni kazi ya hamira hiyohiyo. Baadaye nikasoma kuhusu sheria ya bia ya Bavaria ya 1516, ile inayotajwa kila mahali. Inataja shayiri, hopsi na maji. Hamira haimo! Mfanyakazi mkuu hakuandikwa kwenye orodha.

Tangu hapo nina daftari. La kwanza limejaa upuuzi ("tamu sana!!!"). La pili lina afadhali.

MamaHopsi

Asante kaka kwa uzi. Mimi nilifumbuliwa macho na bia iliyonuka.

Nililetewa zawadi ya chupa sita za kijani. Nikazipanga dirishani, maana jua likipita katikati zilipendeza kuliko maua. Baada ya wiki nikafungua moja mbele ya wageni, sebule nzima ikanuka kicheche aliyetishwa. Mgeni mmoja akajifanya anakohoa. Nikamlaani aliyeitengeneza kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Mwenye kosa ni dirisha langu. Mwanga unavunja vile vitu vya hopsi vinavyoleta uchungu, vipande vyake vinakutana na salfa iliyomo kwenye bia, kinachozaliwa ndicho hicho. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, isiyo na rangi ni kama haipo. Kopo linamaliza kesi.

Msiniamini, jaribuni. Fungua kopo la bia yenye hopsi za kutosha, gawa kwenye glasi mbili, moja iweke juani, moja kabatini. Niliirudia ya juani baada ya dakika kumi na tano na sikuhitaji hata kuiinua. Tangu siku hiyo nikikaa nje nakaa na glasi yangu kivulini, watu waniite mshamba.

FundiWaNdoo

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa kuumbuka.

Ilikuwa mara yangu ya pili kupika, lita 20 za bia aina ya ale, rangi ya shaba. Ya kwanza ilitoka salama kwa hiyo nilishajiona fundi. Siku ya sita kile kimrija cha hewa juu ya ndoo kikaacha kutoa mapovu. Haidromita (kipimo cha sukari iliyobaki; namba ikiwa bado inashuka, hamira bado inakula) ninayo, imelala kwenye boksi lake, sikuigusa. Kimya? Basi imeiva. Nikatia sukari ya kuamshia gesi, gramu saba kwa lita, nikajaza chupa arobaini, nikapiga vizibo, nikazifungia kwenye kabati la chumbani.

Usiku wa tisa, saa nane, mlio. Mke wangu akasema wezi. Kabla sijajibu ukalia wa pili, halafu mitatu mfululizo, kama vile ya kwanza imewaamsha wenzake. Tulipowasha taa bia ilikuwa inatambaa kutoka chini ya mlango wa kabati. Kipande cha kioo kimejikita kwenye ubao wa mlango, juu kidogo ya kitasa. Nilikipima kwa macho: usawa wa tumbo langu.

Zimebaki thelathini na tano. Asubuhi nikavaa koti zito, glovu za kutolea trei kwenye oveni, na kofia ya pikipiki kioo kimeshushwa. Nikawa natoa moja moja imeviringishwa taulo, naipeleka uani, nalegeza kizibo, bia inaruka, narudi kuchukua nyingine. Safari thelathini na tano. Jirani alisimama akaangalia tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuuliza kitu. Mpaka leo hajauliza.

Nilichokuja kukielewa: siku zile kulikuwa na baridi, hamira ikalala kabla ya kumaliza kazi. Kabati lile limepitiwa na bomba la maji ya moto. Ikaamka humo, ikakuta sukari yake ya zamani pamoja na ile niliyoongeza. Maji ya kimea yalianza kwenye 1.050. Nilichokinga kwenye chupa za mwisho kilisoma 1.011. Ilitakiwa ifike hapo ikiwa kwenye ndoo, yenyewe ikafikia ndani ya chupa.

Kwa wasiojua hesabu yake: namba ya mwanzo toa ya mwisho, zidisha kwa 131.25. Hapo unapata asilimia 5 na kidogo ya kilevi. Nilikuwa na bia nzuri tu, wakuu. Niliilamba kwenye glovu.

KijanaWaStauti

Jirani hajauliza 😂 Mkuu, huyo anajua kila kitu.

MzeeWaMakopo

Kilichonifumbua macho ni Sierra Nevada Pale Ale, bia ya Marekani. Najua wengine mtaona ya kizee, wao walianza 1980. Nilinusa nikapata ganda la balungi na msonobari, nikajua wametia juisi. Hapana, ni hopsi aina ya Cascade, iliyotolewa Marekani 1972. Kabla ya hapo nilidhani kazi ya hopsi ni uchungu tu. Uchungu unatoka kwa zile zinazochemshwa muda mrefu, saa nzima hivi. Harufu inatoka kwa zile za dakika za mwisho, au zinazotiwa moto ukishazimwa, au hata bia ikishapoa kabisa. Ni ua lilelile, saa ya kulitia ndiyo inayobadilisha kinywaji.

Kuumbuka sasa. Nilipata kopo moja la IPA (ale yenye hopsi nyingi) ya ukungu iliyosifiwa dunia nzima. Nikalitunza miezi kumi na minne ili nilifungue siku yangu ya kuzaliwa. Nikawaita watu. Nikatoa na hotuba. Likamiminika rangi ya chai iliyolala, harufu ya kadibodi iliyonyeshewa. Wageni wakasema "mmh, ina ladha ya kipekee". Hopsi ni kama mboga za majani, huzitunzi kama dhahabu. Siku hizi nageuza kopo kwanza nisome tarehe ya kujazwa, jina la bia baadaye.

DadaUgwadu

Mzee, hapo kwenye kutunza usiwatishe watu. Inategemea bia. Barliwaini, ale nzito yenye kilevi kingi, ya asilimia 11 niliyoilaza miaka sita ilitoka na zabibu kavu na karameli, na ile kadibodi yako humo ndani inageuka kuwa kama mvinyo wa zamani. Ila IPA, nakuunga mkono.

Kisa changu ni Brussels, pale Cantillon, kiwanda cha tangu 1900 ambacho pia ni makumbusho. Nilikwenda na mume wangu. Nikapewa glasi ya gueuze, bia ya Kibelgiji, nikapiga funda kubwa la mtu mwenye kiu. Uso ukakunjika mpaka masikio yakasogea. Nikamwita mhudumu pembeni nikamnong'oneza kwa heshima zote: samahani, hii imechacha. Akanijibu bila kutabasamu: ndiyo.

Mume wangu anaisimulia hiyo kila harusi.

Halafu tukapandishwa darini tukaonyeshwa sinia la shaba, kubwa kama kitanda cha watu wengi, la kina kifupi. Maji ya kimea yanamwagwa humo yakiwa ya moto, yanaachwa usiku kucha yapoe, na hamira haitiwi na mtu. Inakuja na hewa. Kazi hiyo ni ya miezi ya baridi tu, joto likipanda vinaingia vidudu visivyotakiwa. Kisha mapipani, miaka. Gueuze ni mchanganyiko wa pipa changa na pipa la miaka miwili hadi mitatu: changa inaleta sukari ya kutoa gesi, kuukuu inaleta busara. Hata hopsi wanazotumia ni kuukuu makusudi, wanataka zilinde bia bila kuitia uchungu.

Ile harufu ya zizi na tandiko la punda ni ya Brettanomyces, aina ya hamira ya mwituni. Aliyeitambua ni Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg, mwaka 1904, alipokuwa akichunguza bia za Uingereza, na jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Uingereza. Wabelgiji wakabaki na sifa, Waingereza wakabaki na jina.

Funda la pili lilikuwa ndimu. La tatu, ganda la tufaha bichi na mbao ya zamani. Glasi ya pili niliagiza mwenyewe, bila kunong'ona.

UlimiWangu

Kundi letu tuko sita, tunaonja glasi ndogo za mililita mia, jagi la maji katikati, na anayeendesha gari siku hiyo ni mwandishi tu. Mwaka jana nilijigamba kwamba pilsna (laga ya rangi ya dhahabu) ninayoipenda naijua hata nikifumba macho. Wakanitega. Glasi tatu, mbili bia moja, ya tatu tofauti, nitoe iliyo tofauti. Wamezifunika karatasi nisione hata rangi. Raundi tano. Nilipata mbili.

Ukibahatisha kwa macho makavu unategemewa kupata moja au mbili. Yaani ulimi wangu na sarafu ni ndugu. Halafu ile "ya kawaida" niliyokuwa naidharau ndiyo niliyoiandikia "safi, kavu, ya kifalme" mara tatu. Karatasi wanayo, wameitia fremu.

Tangu hapo sisemi neno kabla ya kufunikiwa glasi. Na mjaribu, hasa nyie wa bei kubwa.

KijanaWaStauti

Mimi kifupi. Nilikuwa naogopa bia nyeusi, nikiamini nyeusi ndiyo kali. Siku moja nikawaambia wenzangu "mimi wa nyepesi", nikachagua ya Kibelgiji, dhahabu inang'aa, povu kama wingu. Nikanywa tatu kwa mwendo wa soda. Ilikuwa asilimia 8.5. Mwenzangu na Guinness yake ya bomba ya asilimia 4.2, stauti nyeusi tii, ndiye aliyenirudisha nyumbani. Weusi ni kimea kilichokaangwa tu, hausemi lolote kuhusu kilevi. Siku hizi nasoma asilimia kwanza, na jina langu mnaliona.

MamaHopsi

Ninalikumbuka jingine, na hili si la kucheka. Wenye mbwa: machicha ya hopsi baada ya kupika yafungeni, yatupeni mbali. Wa kwangu alikula konzi moja tu iliyomwagika uani. Ndani ya saa chache anahema kama ametoka mbioni, mwili unachoma. Hopsi ni sumu kwa mbwa, inapandisha joto la mwili mpaka kuua. Daktari alimpoza usiku kucha. Alipona, ila sijapika tena mlango wa uani ukiwa wazi.

PovuVidoleVitatu

Pole sana dada. Hilo sikulijua, na mimi nina mbwa wawili. Nimekwenda kuangalia ndoo ya taka sasa hivi.

Swali kwa wapishi: chumba changu kinagonga nyuzi 31 mchana. Ale niliyojaribu ilitoka na harufu ya kiyeyusha rangi ya kucha. Jokofu la ziada sina.

DadaUgwadu

Kaka, tafuta kveik, hamira ya mashambani ya Norway. Nyingi ya aina zake zinafanya kazi nyuzi 30 hadi 40 bila kununa. Nilipika nayo kwenye 35, siku ya tatu ilikuwa imemaliza kula, harufu ya ganda la chungwa. Hamira za kawaida za ale zinataka 18 hadi 22, na laga, bia inayochachuka kwenye baridi, ndiyo usiiguse bila jokofu.

PovuVidoleVitatu

Nimepika nayo Jumamosi, dada. Lita 10 tu, kwa woga. Mapovu yalianza kabla sijamaliza kuosha sufuria. Jana kimrija kimenyamaza.

FundiWaNdoo

Mkuu. Umepima?

PovuVidoleVitatu

Nimepima. Jana 1.014, leo asubuhi 1.012. Chupa ziko tayari zimeoshwa na mkono unaniwasha.

FundiWaNdoo

Ziache hapo hapo. Pima kesho, na kesho kutwa. Kofia yangu ya pikipiki siazimishi.