Naomba ushauri: kumbukumbu za babu aliyekuwa askari wa KAR

Habarini za majukumu wakuu. Naishi Uingereza, kwetu ni Songea. Jumamosi iliyopita nilikwenda na wanangu kwenye maonyesho ya historia za familia hapa London, nikitafuta habari za babu mzaa baba. Alipigana Burma mwaka 1944 na King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza hapa Afrika Mashariki, akarudi salama.

Tulikatiza Hyde Park kwa miguu, na kindi wa kijivu walituchelewesha kwelikweli. Mmoja alipanda mguuni kwangu hadi gotini akifuata karanga, macho makavu! Watoto hadi leo wanasimulia kindi tu, babu yao wamemsahau.

Kwenye maonyesho niliwaonyesha nishani yake ya Burma Star, ile nyota ya shaba yenye ncha sita. Haina jina wala namba. Wakanielekeza kwenye hifadhi ya nyaraka pale Kew, kwenye shajara za vita, kundi la majalada WO 172. Nimezipitia kiasi: maofisa wanatajwa, askari wetu ni idadi tu. Baba mkubwa anakumbuka jina alilojiandikisha nalo, ila namba ya jeshi hakuna anayeijua.

Sasa naomba kuuliza:

Kuna aliyewahi kupata orodha ya askari wa KAR kwa majina, iwe Nyaraka za Taifa Dar es Salaam au Nairobi? Nianzie wapi?

Na je, bila namba ya jeshi, jina na wilaya vinatosha kuombea kumbukumbu zake?

Natanguliza shukrani.