Vikapu vya ukindu Nanenane Ipuli: banda, rangi na bei

Msusi_Mwanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kikundi chetu cha Kigoma kinataka kupeleka vikapu 120 vya ukindu na miiko ya mninga kwenye maonyesho ya Nanenane pale Ipuli, Tabora. Tukae vipi na jua na upepo? Rangi isichuje tufanyeje? Na bei tunaipangaje?

Fundi_Turubai
Dada, anza na jua. Tabora iko kusini mwa ikweta, kama digrii 5, na mwezi wa nane jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Banda likitazama kaskazini, vikapu vya mbele vinachomwa kutwa, upande mmoja unapauka na mwingine unabaki na rangi yake. Kikapu cha hivyo hakiuziki tena kwa bei yake. Mbele ya banda paelekee kusini.

Shida ni kwamba upepo wa kiangazi nao unatoka kusini-mashariki, na vumbi lake. Shusha turubai upande wa mashariki mpaka chini, na mwagia maji mbele asubuhi na saa nane. Nyuma acha upenyo: upepo ukiingia ukakosa pa kutokea, unanyanyua banda zima. Kwa banda la kukunja la mita 3 kwa 3, kila mguu ufungwe kiroba cha mchanga cha kilo 25, na kamba itoke kwenye kiroba hadi kona ya juu. Vigingi peke yake msivitegemee, udongo wa kichanga ukikauka haushiki kitu.

Bi_Shupatu
Marahaba mwanangu. Rangi inachuja kwa mambo mawili: ukindu haukuchemka vya kutosha, au haukusuuzwa. Chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, zilale kwenye maji usiku kucha, ziingie zikiwa zimelowa kwenye sufuria ya rangi inayotokota, pamoja na konzi ya chumvi. Nusu saa kwa moto wa wastani, halafu zipoe humohumo. Suuza mpaka maji yatoke safi, anika kivulini.

Kabla ya kufunga mzigo, sugua kila kikapu mara kumi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kiuzeni kama cha kuwekea vitu nyumbani na mnunuzi aambiwe. Akikitundika begani juu ya gauni jeupe, mtarudishiwa mbele za watu.

Ukindu ukikauka sana mikono ya kikapu inakatika. Jioni rashieni maji kidogo, funikeni kwa khanga. Nailoni hapana, inaleta ukungu. Safarini pachikeni viwili viwili. Mkipachika vitano, vya ndani vinafika vimepinda. Miiko iliyochongwa mti ukiwa mbichi iacheni nyumbani, ukavu wa Tabora utaipasua kuanzia nchani.

Hesabu_Kwanza
Bei sasa. Nakupa mfano, namba weka zenu. Ukindu 2,500, rangi 500, ngozi ya mikono 2,000, ufundi wa siku mbili 12,000: kikapu kimoja ni 17,000. Nauli, mzigo, malazi na nafasi ya banda tuseme 480,000. Hapa ndipo vikundi vingi vinapojikata: wanagawa kwa 120 na kupata 4,000. Gawa kwa idadi unayotarajia kuuza, si unayobeba. Mkitarajia 80, ni 6,000, na gharama halisi inakuwa 23,000. Anzeni 28,000, mwisho 25,000. Anayetaka kwa 20,000 mwacheni aende.

Watu wengi pale wamekuja kutembea, kwa hiyo wekeni mezani vitu vya 2,000 hadi 5,000: miiko, vikapu vya funguo. Chenji ya asubuhi isipungue 50,000, iwe sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000. Kwenye lipa namba, ujumbe usomwe kwenye simu yenu. Ule anaokuonyesha mteja kwenye simu yake si malipo.

Msusi_Mwanga
Asanteni sana. Je, tukikaa kwenye banda la halmashauri badala ya kulipia letu?

Hesabu_Kwanza
Inawezekana. Kigoma na Tabora ni kanda moja, ya Magharibi, na halmashauri huwa zinabeba wajasiriamali wao. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii tangu Juni, Julai orodha inaweza kuwa imejaa. Ile 480,000 itapungua, ila mtapangiwa meza, na meza ya nyuma haiuzi. Ombeni ya pembeni.

Fundi_Turubai
Na pa kuelekea hamtachagua. Bebeni neti ya kivuli, ile nyeusi ya vitalu vya miche, mita nne zinatosha. Kama mmewekwa mkitazama kaskazini, itundikeni mbele kuanzia saa nne hadi saa kumi.

Bi_Shupatu
Na vya rangi kali vikae nyuma ya vile vyeupe.