Tupeane uzoefu: barua za kuwatoa wazee wetu upweke, Moshi na Arusha

Wakuu, habari zenu. Disemba vihamba (mashamba ya ukoo yenye nyumba, huku Uchaggani) vinajaa watu, Januari magari yanashuka na mzee anabaki na kuku wake. Tunaojitolea kuwaandikia, tupeane mbinu.

Naanza na posta. Wazee wengi hawana sanduku lao, barua hupitia S.L.P. ya parokia, usharika au shule. Andika jina kamili, kitongoji, na jina la anayefungua sanduku. Bila hilo barua inalala kabatini.

Mchangiaji wa Kibosho: Macho kwanza. Kalamu nyeusi, herufi kubwa kama kucha ya kidole gumba, ruka mstari. Andika upande mmoja tu. Wino ukipenya nyuma, mwenye mtoto wa jicho anaona ukungu mtupu.

Mchangiaji wa Old Moshi: Barua nyingi husomwa na mjukuu kwa sauti, jirani akiwepo. Ugonjwa, pesa na ugomvi wa kihamba usiviguse. Anza na shikamoo. Ukitaka kusalimia kwa Kichagga, ulizia kwanza mzee ni wa wapi, maana Kimachame si Kivunjo wala Kirombo.

Wa Marangu: "Unaendeleaje?" hujibiwa "salama", basi. Uliza kitu kimoja anachokijua yeye: mfongo (mfereji wa maji) wa kwao ulisafishwaje, zamu za maji aligawa nani, mtori wao ulitaka ndizi gani. Hapo mzee anasimulia mpaka karatasi inaisha. Barua inayofuata irudie neno lake mwenyewe, ajue alisikilizwa.

Wa Uru: Ndani tia bahasha ya pili yenye stempu na anwani, na karatasi mbili za mistari. Masika, mbebaji atumie faili la plastiki. Wino wa jeli ukilowa unachuruzika, bolpeni inavumilia.

Wa Tengeru: Linaloumiza kuliko yote ni mwandishi kunyamaza ghafla. Mzee anadhani amekosea. Wekeni waandishi wawili kwa mzee mmoja, barua kila wiki mbili, siku ileile, na daftari la tarehe. Anayeacha aage kwa barua na amtaje anayempokea. Pesa msitie, hata elfu mbili: bahasha ikifika imefunguka, msomaji na mbebaji wanaanza kushukiana.

Wa Himo: Picha je?

Wa Kibosho: Tia, iliyosafishwa, si fotokopi. Nyuma andika majina kuanzia kushoto, maana ataionyesha kwa kila anayeingia.