Naomba ushauri: hedifoni za Bluetooth, Sony XM5, Bose QC Ultra au Momentum 4?

Wakuu habari zenu, nimejichanga mpaka nimefikisha laki tisa na nataka hedifoni moja ya maana, zile kubwa za kufunika sikio lote, maana mwaka jana niliuziwa feki Kariakoo, boksi limenyooka kabisa na stika zote, kufika home besi inanguruma tu kama spika ya daladala na sauti ya mwimbaji huisikii.

Mi nasikiliza sana rumba na taarab, nataka lile gitaa la solo lisikike peke yake, sio besi imemeza kila kitu. Sony WH-1000XM5 zinanivuta sababu simu yangu ni Samsung na inakubali LDAC (ile njia ya Sony ya kupitisha muziki kwa Bluetooth kwa ubora zaidi), na hedifoni zenyewe ni nyepesi, gramu 250 hivi, ila hazikunjiki. Bose wanasifiwa kwa kukata kelele, chaji saa 24. Sennheiser Momentum 4 wanasema saa 60, hapo na umeme wetu huu mnanielewa.

Sasa shida yangu kubwa ni miwani. Ule mto wa sikioni ukibana, baada ya saa moja mguu wa miwani unanichimba juu ya sikio mpaka navua, na joto la Dar ndo usiseme, masikio yanatoka jasho.

Mwenye miwani anayezivaa masaa matatu manne ofisini anipe uzoefu, na orijino mnanunua wapi? AirPods Max msinitajie, natumia Android na zile ni nzito bana.