Wageni wa meli wakishuka Lamu: tuwahudumie kama walivyozoea, au wangoje juisi kama sisi?

Mwana_wa_Mkomani
Assalaam aleikum wanabaraza. Nina jambo nataka tulijadili bila kutukanana, nikijua mtatukanana.

Juzi nilipewa kundi la wageni kumi na mmoja. Meli yao ilikuwa imefunga gati Mombasa, wao wakaletwa kwa ndege hadi Manda, matembezi ya siku moja, jioni warudi. Nikawatembeza: ngome, soko, vichochoro vya Mkomani, punda wawili watatu wakatubana ukutani na mizigo ya mawe. Hadi hapo kila mtu anacheka. Saa saba tukaingia mahali kula. Tangu kuagiza juisi hadi juisi kufika, dakika hamsini. Sikukadiria, maana kulikuwa na mama mmoja Mwingereza akihesabu kwa sauti. Alipouliza, kijana akamjibu kwa upole kabisa: "Mwenye kutengeneza ameenda kuswali." Yule mama akanigeukia, akasema melini kwao maji ya barafu huwa mezani kabla hajakaa, na mhudumu analijua jina lake tangu siku ya pili.

Sasa, Mombasa wana jengo zima la kupokelea abiria wa meli hizi. Wakianza kumiminika huku, tujifunze viwango vya melini, na kaunti iweke masharti kwa migahawa na boti? Au tuwaambie mapema kwamba huku mambo huenda kwa mwendo wa punda?

Mmalindi_Asilia
Kaka, Malindi mgeni hangoji juisi dakika hamsini. Malindi akikaa tu ashaulizwa kwa Kiitaliano anataka nini. Nyinyi mwalala muno, halafu usingizi mwauita utamaduni.

Bibi_Shela
Ashaulizwa kwa Kiitaliano, na kabla hajajibu vijana sita wamemzunguka na vinyago. Nilikuja kwenu na mgeni wangu, kutoka mlango wa hoteli hadi majini tukakataa vitu kumi na viwili. Bangili moja tuliikataa mara tatu, na kila mara alikuwa kijana mwengine ila bangili ni ile ile.

Mmalindi_Asilia
Bora anayemfuata mgeni kuliko anayemkimbia, dada. Sisi wageni wa baharini tumewazoea tangu zama. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mzima mzima kwa meli, akafika hai. Mwaka huo nyinyi mlikuwa mwangoja juisi.

Nahodha_Langoni
Twiga tumemsikia. Na mgeni wa 1498, Vasco da Gama, mbona humtaji? Mombasa walimstukia mapema, akakimbilia kwenu. Mkampa kondoo, mkampigia siwa, SIWA, baragumu tunaloliheshimu huku kuliko roho, halafu mkampa na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Huduma ya nyota tano hiyo. Bili yake ililipwa na pwani nzima miaka mia mbili, na nguzo yake hadi yeo mwatoza kiingilio.

Mmalindi_Asilia
Rubani alikuwa Ibn Majid, Mwarabu. Si Mmalindi. Usitubambikie.

Mwalimu_Mstaafu
Si Ibn Majid pia, mwanangu. Ahmad ibn Majid alizaliwa Julfar, ndiyo Ras al-Khaimah ya sasa, na alikuwa bingwa wa bahari, lakini wanahistoria wengi siku hizi hawakubali kwamba ndiye. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja Mwislamu wa Gujarat. Na kwa kuwa swali ni la huduma kwa abiria: Vasco da Gama aliporudi Malindi Januari 1499, watu wake wakiwa wameoza fizi kwa kiseyeye, kitu cha kwanza alichotuma mtu kutafuta nchi kavu kilikuwa machungwa. Walipewa. Wengine walikufa hata hivyo.

Nahodha_Langoni
Kumbe hata juisi walimpa wao.

Kijana_wa_Mokowe
😂😂😂

Mmalindi_Asilia
Mwalimu nakuheshimu, ila Mgujarati sikubali. Nitaleta kitabu.

Mwana_wa_Mkomani
Jamani, nimeuliza juu ya juisi.

Baharia_Matondoni
Niwaachie rubani wenu. Mimi nimefanya kazi ndani ya meli hizo miaka sita, mhudumu wa vyumba, kampuni siitaji. Mwasema viwango, viwango. Niwaambie kiwango kinavyopikwa.

Vyumba kumi na sita, mara mbili kwa siku. Asubuhi kitanda, choo, kioo, nywele zote kwenye shimo la bafu. Jioni wakienda kula unarudi, unavuta pazia, unaweka chokoleti juu ya mto, na taulo unaikunja iwe tembo. Tembo anataka taulo mbili. Kubwa unaiviringisha kutoka pande zote mbili zikutane katikati, kisha unaikunja isimame, hiyo ndiyo miguu minne. Ndogo ndiyo kichwa na mkonga. Wangu wa mwanzo walikuwa wakianguka kifudifudi. Msimamizi akapiga picha mmoja wao aliyelala kama mlevi, akaibandika ukutani tunapolia chakula, ikakaa hapo wiki tatu.

Huyo mama wa Kiingereza anayejuliwa jina tangu siku ya pili: orodha ya majina twapewa kabla hawajapanda. Nilikuwa nakaa kitandani usiku, kitanda cha juu, dari puani, nasoma majina kama mwanachuoni anayehifadhi juzuu. Mwisho wa safari abiria anajaza fomu. Ukipata nane kwa kumi, kwenu ni alama nzuri. Kwetu unaitwa ofisini.

Saa za kazi: mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa 2006 unataka mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa mwenyewe. Zinabaki 91, na hizo ni halali kabisa. Miezi tisa mfululizo. Ijumaa sikuiona, Jumapili sikuiona. Bakshishi hukatwa kwenye hesabu ya abiria kila siku, meli nyingi za Wamarekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa kichwa, na abiria akipenda anakwenda mapokezi kuiondoa. Asubuhi ya mwisho ukiona foleni mapokezi, moyo wadunda.

Bibi_Shela
Basi huyo kijana aliyesema mwenzake ameenda kuswali ana kitu wewe hukupewa miaka sita. Na ndicho mwataka kaunti itunyang'anye.

Mmalindi_Asilia
Dada, adhuhuri ni rakaa nne. Ongeza sunna za kabla na za baada, ongeza na dua ndefu. Dakika hamsini utakuwa umeswali na ya kesho.

Bibi_Shela
Wewe adhuhuri ya mwisho umeiswali lini?

Mmalindi_Asilia
Haya sasa tumefika huko.

Ustadhi_Kijana
Mimi nataka kumuuliza Baharia. Pombe ulibeba? Kwa sababu pesa zile…

Baharia_Matondoni
Nilibeba taulo, ustadhi. Nyumba unayoiona karibu na msikiti wa Matondoni, paa lake ni taulo. Mamangu hajalalamika.

Ustadhi_Kijana
Sikukusudia vibaya, kaka.

Bibi_Shela
Turudi kwenye jambo kubwa. Venice mwaka 2021 meli za zaidi ya tani 25,000 zilipigwa marufuku kupita mbele ya mji wao. Watu wenye hoteli kuliko sisi wenye nyumba. Sisi mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na njia kuu yetu ukikutana na punda mmoja ageuka nani, wewe au punda? Kuna meli moja imeanza kazi 2024, Icon of the Seas, ikijaa ina abiria hadi 7,600. Hao wakishuka kwa siku moja, hata maji ya kutawadhia hatutaona.

Kijana_wa_Mokowe
Hiyo haiji huku, dada. Huku huja wachache kama wale kumi na mmoja. Na hao kumi na mmoja walilipa boti, walilipa guide, walinunua vikoi. Bandari mpya hapa kwetu imefunguliwa 2021, makontena twayaangalia kwa mbali. Angalau mtalii ana mfuko wa mbele.

Baharia_Matondoni
La boti ndilo la kuzungumza, kuliko juisi. Melini hata uwe umesafiri mara arobaini, siku ya kwanza lazima ujue ni wapi pa kukusanyika king'ora kikilia, na jaketi okozi lako liko wapi. Zamani walikuwa wakipewa hadi saa ishirini na nne kufanya zoezi hilo. Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia, Januari 13, 2012, kuna abiria waliopanda jioni ile ile na zoezi walikuwa bado. Walikufa watu 32. Sasa sheria ni kabla ya kung'oa nanga au papo hapo baada yake. Hapa Mokowe mtu anapanda, anapewa nafasi juu ya gunia la vitunguu, jaketi zimo zimefungwa kamba chini ya kiti.

Nahodha_Langoni
Umenilenga mimi. Sema jina.

Baharia_Matondoni
Sikumtaja mtu.

Nahodha_Langoni
Miaka ishirini navusha watu Mokowe, kusi na kaskazi, sijampoteza mtu hata ndara. Wewe umekunja tembo, mimi nimeshika usukani. Usije kunifundisha bahari.

Kijana_wa_Mokowe
Nahodha, kwa heshima. Jaketi zako nimezivaa. Zanuka pweza.

Nahodha_Langoni
Pweza anaelea. Jaketi linaelea. Wataka nini tena?

Mwalimu_Mstaafu
Ila na meli kubwa tusizivishe kilemba cha ukoka. Oceanos ilizama pwani ya Afrika Kusini Agosti 1991. Nahodha aliondoka kwa helikopta na abiria bado wamo. Waliobaki kuwapanga watu na kuzungumza na waokoaji kwa redio walikuwa wanamuziki na watumbuizaji wa meli. Zaidi ya watu 570, wakaokoka wote. Sasa huyo mpiga gitaa fomu yake ya viwango ilimpa ngapi kwa kumi, sijui.

Nahodha_Langoni
Asante mwalimu. Mimi sijaruka.

Mmalindi_Asilia
Nimepata kitabu. Kimeandika "Ibn Majid" waziwazi, ukurasa wa 41.

Mwalimu_Mstaafu
Kitabu cha nani, cha mwaka gani?

Mmalindi_Asilia
Cha darasa la saba. Lakini ni kitabu.

Mama_Ukwaju
Nimeletewa haya maneno na mwanangu, nimesoma kutoka juu hadi chini huku samaki waungua. Juisi hiyo ni yangu.

Mwana wa Mkomani, mimi na mamako tumelelewa ua mmoja, kwa hiyo nitakwambia taratibu. Ulinipigia simu lini kwamba waniletea watu kumi na mmoja? Mliingia saa saba. Stima ilikuwa imepotea tangu saa sita na nusu. Blenda ni pambo. Watu kumi na mmoja wakaagiza juisi za aina tano: huyu embe, huyu pasheni, huyu embe na pasheni pamoja, huyu bila sukari, huyu "ile ya kahawia". Ukwaju nilikuwa nimeroweka tangu asubuhi, kwa bahati. Nikaukamua kwa mkono, nikatoa kokwa, nikauchuja kwa kitambaa mara mbili maana mara moja huacha nyuzi zikakwama kwenye meno. Barafu hakuna. Nikavaa buibui nikatoka mbio hadi Langoni kwa jirani mwenye jenereta, nikarudi na ndoo kichwani, barafu yanichirizikia shingoni.

Kuswali sikuswali hadi saa tisa na robo, Mungu anisamehe. Yule kijana ni mtoto wa dada yangu, aliona haya kuwaambia wageni kwamba mkahawa hauna stima, akasema nimekwenda kuswali. Nimemkanya. Usimsingizie mtu swala.

Na huyo mama mhesabu dakika alikunywa bilauri tatu. Akaingia jikoni bila kubisha, akakiona kifumbu cha kukamulia tui kimening'inia, akaniuliza kama ni soksi. Nikamwonyesha kinavyokamua. Akakipiga picha, akanikumbatia na jasho langu lote. Ubwana huo wa maji ya barafu mezani hakunitajia mimi.

Mwana_wa_Mkomani
Shikamoo mama. Simu yangu ilikuwa imezima chaji.

Mama_Ukwaju
Marahaba. Kumi na mmoja, mwanangu. Ungemtuma hata mtoto.

Baharia_Matondoni
Mama, melini kundi la watu kumi na mmoja jikoni wanalijua tangu jana yake. Hilo la kupiga simu ndilo la kuiga. Tembo tuwaachie.

Bibi_Shela
Aliyefeli ni guide basi, si Lamu. Mmalindi uko wapi?

Mmalindi_Asilia
Nipo. Ijumaa naja Lamu kwa basi, nina mzigo wa kuleta. Mama, bilauri ya ukwaju ni pesa ngapi?

Mama_Ukwaju
Wageni wa meli mia na hamsini. Wewe mia tatu, na utangoja.